Shina la mwembe limefika sentimita 157. Taji litaishia wapi?

"Shikamoo mtaalamu. Uani kwetu Tabata, Dar es Salaam, kuna mwembe dodo aliopanda marehemu baba nikiwa darasa la pili. Nimeuzungushia futi ya fundi cherehani usawa wa kifua, nikapata sentimita 157. Matawi yake nimeyapima chini, kaskazini hadi kusini ni mita 12, mashariki hadi magharibi ni mita 9. Ukuta wa jirani uko mita 3 na nusu kutoka shinani, upande wa mashariki. Nyumba yetu iko magharibi, ukuta wake mita 6, na huko matawi yameanza kusugua bati. Jirani alishakata yote yaliyovuka kwake. Fundi wa kukata miti aliyekuja kuuangalia anasema kila inchi ya shina huzaa mita moja ya taji, yaani upana wa matawi na majani yake, kwa hiyo mti huu wa inchi 20 utafika mita 20 na kufunika nyumba zote mbili. Anashauri tuukate kichwa, tubakize mita 4, ndipo shina litaacha kunenepa na mizizi itasimama. Mama hataki hata kusikia. Je, hesabu ya fundi ni ya kweli? Mtu anaweza kujua upana wa taji kwa kuangalia shina? Naomba jibu mapema kwa sababu mwezi ujao tunachimba msingi wa vyumba viwili vya kupangisha upande wa kusini, mita 3 kutoka kwenye mti."

Marahaba, dada yangu. Umeniletea vipimo, na hilo limenifurahisha sana. Wengi hunitumia picha ya mti iliyopigwa kutoka getini na kuniuliza kama ni mkubwa. Wewe umeinama na futi mkononi, kwa hiyo tunaweza kuzungumza kwa hesabu badala ya hofu.

Unachohofia, nikikuelewa, ni kwamba shina nene ni ahadi ya taji lisilo na mwisho, na kwamba mkichelewa kukata leo mti utawashinda. Hofu hiyo nitaijibu kwa kirefu. Ila nikwambie mapema kwamba katika barua yako yote, taji ndilo lililonitia wasiwasi mdogo zaidi. Kilichonifanya nikuandikie leo leo ni sentensi yako ya mwisho. Tutaifikia.

Tuanze na fundi. Kipenyo cha shina ni mzingo kugawanya kwa 3.14, na 157 inakupa sentimita 50. Hizo ni inchi 20 kasoro kidogo, kwa hiyo kipimo chake cha shina ni sahihi na tusimwonee. Alipokosea ni kwenye kuzidisha. Mita moja ya taji kwa kila inchi ya shina maana yake ni taji lenye upana wa mara 39 ya kipenyo cha shina. Uwiano mkubwa hivyo utaukuta kwenye mche. Mti mkubwa wa majani mapana uliokulia penye nafasi, taji lake mara nyingi huwa kati ya mara 15 na mara 25 ya kipenyo. Chukua mara 20: sentimita 50 inakupa mita 10. Sasa chukua vipimo vyako, 12 na 9, wastani wake ni mita 10 na nusu. Mwembe wenu uko mara 21. Umeshafika pale ambapo shina la unene huo hufikisha taji. Ukitaka kanuni ya kukaa kichwani, kila inchi ya shina huenda na nusu mita ya taji hivi, si mita nzima. Ili upate mita 20 kwa uwiano huo, shina lingehitaji kipenyo cha mita moja, yaani mzingo wa sentimita 314, mti ambao watu wazima wawili wanaukumbatia kwa taabu.

Kwa nini basi shina na taji huenda pamoja? Kila jani linataka maji, na maji hupanda kutoka mizizini kwa njia nyembamba zilizomo kwenye tabaka jipya la mti, lile lililo karibu na gome. Mwaka 1964 watafiti wa Kijapani, Shinozaki na wenzake, walieleza jambo hili kwa picha ambayo hata fundi bomba angeielewa: mti ni fungu la mabomba, na kila kiasi cha majani kina mabomba yake yanayoshuka mpaka chini. Majani yakiongezeka, mabomba huongezwa, shina linanenepa. Juu ya hapo kuna upepo. Shina linalotikiswa hunenepa zaidi pale linapopindika, hasa chini, ili libebe mzigo wake. Ndiyo maana mche uliofungwa kwenye kigingi ukakazwa usicheze hurefuka ukiwa na shina jembamba, na siku ukifunguliwa hulala.

Lakini angalia kinachotokea jani likizeeka. Linadondoka, unalifagia asubuhi, limekwisha. Mabomba yaliyolihudumia hayaondoki. Baada ya muda yanaacha kupitisha maji, yanabaki ndani kama kiini, na mapya yanajengwa kwa nje. Shina linatunza kila kitu tangu siku baba alipoupanda mti, na taji linaonyesha hali ya sasa tu. Kwa hiyo kadiri mti unavyozeeka, shina linaendelea kujaza unene wakati upana wa taji unapunguza mwendo. Mche wenye shina la sentimita 5 unaweza kuwa na taji la mita moja na nusu, mara 30. Ukiwa mti mzima unashuka hadi mara 20, kisha chini ya hapo. Fundi wako, hata kama aliwahi kuona miche ya namna hiyo, hawezi kuirefusha kwa rula mpaka kwenye mti wa makamo.

Basi tuutazame huko mbele. Tuseme shina lenu litafika sentimita 60. Uwiano ukishuka hadi mara 18, taji litakuwa karibu mita 11, ongezeko ambalo hamtaliona kwa macho. Ukibaki mara 21 kama leo, ni mita 12 na nusu, yaani mita moja tu zaidi kila upande. Pima kila mwaka mwezi uleule, mita 1.3 kutoka ardhini, na uweke alama ya rangi kwenye gome ili usihame. Kwa taji, usikisie ukingo kwa jicho. Funga jiwe kwenye uzi kama timazi, mtu asimame chini ya jani la mwisho, na pale jiwe linapoelekeza ndipo upime.

Hapa lazima niseme jambo ambalo vipimo vyako vimelificha. Mita 9 za mashariki hadi magharibi si upana ambao mti uliuchagua. Ni mita 3 na nusu hadi kwenye ukuta wa jirani, halafu mita 5 na nusu kuja kwenu. Jirani amefupisha upande mmoja kwa panga, na shina halijapungua hata uzi mmoja kwa sababu hiyo. Usishangae basi machipukizi ya upande wa mashariki yakikimbia kuliko mengine, maana mizizi na shina bado ni vya mti wenye upande huo. Mtu anayetumia shina kukadiria taji lazima kwanza aulize kama mti umewahi kukatwa. Mijini, karibu kila mti umekatwa.

Na lazima aulize ni mti gani. Mnazi hauna tabaka la kunenepesha shina, kwa hiyo wenye miaka 15 na wenye miaka 60 wanaweza kuwa na shina sawa na makuti yaliyotanda sawa, tofauti ni urefu tu. Mbuyu una shina la kuhifadhi maji, na ukilitumia kukadiria taji utapata kivuli cha uwanja wa mpira. Ashoki, ile miti myembamba iliyosimama kama askari kwenye geti za watu, hunenepa bila kutoka nje ya mita mbili tatu. Huduma ya Misitu ya Marekani ilipochapisha mwaka 2016 vipimo vya miti zaidi ya 14,000 kutoka miji 17, haikutoa kanuni moja ya wote. Ilitoa seti 365 za hesabu, kwa aina ya mti na kwa ukanda wa hali ya hewa. Kwetu huku uhusiano huu ulishughulikiwa mapema kwa ajili ya misitu: H. C. Dawkins, aliyefanya kazi ya misitu Uganda, aliandika mwaka 1963 kuhusu upana wa taji na kipenyo cha shina katika miti ya kitropiki, na wanamisitu wakautumia kukadiria hekta moja inaweza kubeba miti mikubwa mingapi. Huko msituni miti inabanana na taji hubanwa pia. Mwembe wenu umekulia uani, umepata jua pande zote, ndiyo maana uko upande wa juu kidogo wa wastani.

Sasa hili la kukata kichwa. Naomba msilifanye, na mama yako ana haki ya kutotaka kusikia.

Nikwambie nilichokiona Morogoro. Niliitwa kuangalia mwarobaini uliokatwa kichwa misimu mitatu nyuma. Kwa chini ulipendeza, kijani kibichi, umefura kama koliflawa. Nikapanda. Kila tawi nene lilikuwa limeishia kwenye kisiki, na kuzunguka kila kisiki kulikuwa na machipukizi kumi, kumi na tano, marefu ya mita tatu, mengine manene kama mkono wangu. Nilisukuma moja kwa kiganja, kama unavyosukuma mlango. Likabanduka na ukanda wa gome lake, likaanguka. Chini yake mti ulikuwa wa kahawia, laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Tawi la kawaida limeungana na mti tangu likiwa dogo, kila mwaka vyote viwili vikijenga pamoja. Chipukizi la kisiki limeshikilia juu juu, na chini yake pameoza.

Ndicho mtakachopata. Mti utapoteza majani karibu yote kwa siku moja, utatumia akiba yake kutoa machipukizi, na mizizi itakosa chakula. Fundi amesema mizizi itasimama, na kweli mingine itakufa, lakini hiyo ndiyo inayoushikilia mti usianguke. Shina litapunguza kunenepa kwa muda kwa sababu limenyimwa chakula, na majani yakirudi nalo litarudi. Gome lililozoea kivuli litaungua na jua. Na maembe msiyategemee kwa misimu kadhaa, kwa kuwa mwembe huchanua kwenye ncha za vitawi vilivyokomaa, na ncha zote mtakuwa mmezitupa. Miaka mitatu baadaye mtamwita fundi tena.

Kinachowafaa ni kupogoa upande wa magharibi tu, kwa kipimo. Matawi yanayogusa bati yarudishwe nyuma kiasi cha mita moja. Msiyakate katikati kama jirani alivyofanya. Kila tawi lirudishwe mpaka kwenye tawi dogo la pembeni lenye unene wa angalau theluthi moja ya hilo linalokatwa, ili dogo lichukue kazi. Tawi likiondolewa zima, fundi aangalie pale linapoungana na shina. Kuna uvimbe kama kola ya shati. Msumeno upite nje ya kola hiyo, usiiguse, kwa sababu ndiyo itakayofunga kidonda. Tawi zito lisikatwe kwa mkato mmoja: aanze kwa chini, robo ya unene, kisha juu mbele kidogo ya mkato wa kwanza, na kisiki kinachobaki kiondolewe mwisho, la sivyo tawi litachana gome mpaka chini. Kwa mwaka mzima msitoe zaidi ya robo ya majani. Msipake lami wala oili chafu kwenye vidonda. Wakati mzuri ni mara tu mkimaliza kuvuna, kabla ya masika. Na panga libaki jikoni, kazi hii ni ya msumeno.

Kwa jirani, nendeni mkazungumze naye kabla ya kukata. Mwambieni machipukizi ya upande wake mtayapunguza nyinyi kila mwaka, mkibakiza yaliyoshika vizuri na kuondoa mengine yakiwa bado membamba. Upande ule ukijengeka upya polepole, uzito wa mti nao utarudi katikati. Kwa sasa umeegemea kwenu.

Tufike sasa kwenye vyumba vya kupangisha.

Nadhani nimejua fundi wako alikookota inchi zake. Ipo kanuni ya inchi, nayo inahusu mizizi: kwa kila inchi ya kipenyo cha shina, ilinde futi moja ya ardhi kutoka shinani kwenda kila upande. Inchi 12 ni futi moja, kwa hiyo ni mara 12 ya kipenyo, na Waingereza nao hutumia mara 12 hiyo hiyo katika viwango vyao vya ujenzi karibu na miti. Futi ikigeuka mita mdomoni mwa watu, na mizizi ikigeuka taji, unapata mti wa mita 20. Kwa shina lenu la sentimita 50, mara 12 ni mita 6. Mduara wa mita 6 kila upande ndio ambao haufai kuchimbwa. Nyinyi mnataka kuchimba mita 3.

Watu hudhani mizizi ya mti ni picha ya taji iliyogeuzwa, inakwenda chini kama matawi yanavyokwenda juu. Mwembe una mzizi mkuu unaoshuka sana, ni kweli, lakini sehemu kubwa ya mizizi ya miti mingi iko ndani ya sentimita 60 za juu na inatambaa kwenda pembeni, mara nyingi kupita ukingo wa taji. Mtaro wa msingi wenu utaikata yote ya upande wa kusini. Na kusini ndiko unakotoka upepo wa kusi. Mti ukisukumwa na upepo, mizizi ya upande unakotoka upepo ndiyo inayovuta kama kamba za hema. Zikate, halafu kusi lipulize kutoka kusini na kusini-mashariki ardhi ikiwa imelowa masika: mti utalalia kaskazini-magharibi. Nyumba yenu iko magharibi, na matawi tayari yako huko. Hautaanguka mwezi ujao, na hapo ndipo watu hujidanganya. Utaonekana mzima mwaka mmoja, miwili, huku miisho ya mizizi ikioza taratibu.

Mna njia tatu, nazo nazitaja kama ningekuwa naamua uani kwangu. Bora kuliko zote ni kusogeza vyumba hadi mita 6, hata kama kimoja kitapungua. Kiwanja kikikataa, mjenge juu ya nguzo: mashimo machache yachimbwe kwa mkono badala ya mtaro unaoendelea, mkanda wa zege upite juu ya ardhi, na shimo likikutana na mzizi mnene kama kifundo cha mkono, nguzo isogezwe na mzizi ubaki. Kwa hilo mnahitaji mhandisi, na bati la vyumba hivyo litapigwa na maembe kila msimu, mlijue mapema. Ya tatu ni ngumu kuiandika. Kama lazima mchimbe mtaro mita 3, basi uondoeni mti wote kabla ya kujenga. Mti wa unene huo uliobakizwa na mizizi ya upande mmoja ni hatari kwa waliolala ndani kuliko kisiki.

Kabla ya uamuzi wowote, mtu aje auone. Muulizeni afisa misitu wa halmashauri yenu, au mtaalamu wa miti atakayekubali kuukagua kwanza kabla ya kutaja bei ya kukata. Mwonyesheni mambo haya kama yapo: uyoga au vitu kama sahani vinavyoota chini ya shina, ufa kwenye udongo upande mmoja, tundu linalotoa unga, panda mbili zilizobanana kwa umbo la V huku gome limekunjwa katikati, au mti ulioanza kuinama ilhali zamani ulisimama. Likiwepo hata moja, watoto wasicheze chini yake mpaka ukaguzi ufanyike. Na kama kuna waya wa umeme unaopita kwenye matawi, ambao hukuutaja, asipande mtu yeyote hadi shirika la umeme liukate moto.

Wiki hii, kabla mafundi ujenzi hawajafika, chukueni jembe mfukue polepole mahali mtaro ulipokusudiwa kupita, urefu wa mita moja tu, kina cha magoti. Hesabuni mizizi minene kuliko kidole gumba, mpige picha na futi ikiwa pembeni, kisha mfukie na kumwagilia maji siku hiyo hiyo. Mwiteni mama aangalie pia. Nitumie picha hizo pamoja na ramani ya kiwanja, hata iwe ya kuchora kwa mkono.